Mwenye Ufunguo Ndiye Mwenye Nyumba

Msafiri atokaye Babati kwenda Singida hupita Katesh, mji ulio chini ya mlima Hanang. Siku ya mnada hukuta hapo watu wa kila lugha: Wairaqw walioleta vitunguu saumu kutoka Mbulu, Wadatoga na ng'ombe wao, Wanyaturu na nafaka zao. Pembeni mwa watu hao hakukosekani duka la steshenari, mahali pa kupigisha barua, kutoa kivuli na kujaza fomu za serikali kwa njia ya mtandao.

Katika duka moja la namna hiyo tulimkuta hivi karibuni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, mama wa makamo. Alikuwa ameshika flashi yenye majina ya wanachama na hesabu ya akiba ya kila mmoja. Kijana mwenye duka alipoichomeka, folda zote hazikufunguka. Kila moja ilikuwa imegeuka kialama kitupu kisichoelekea popote. "Mama, humu mna kirusi," kijana akasema. Mama yule akakaa kimya, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na ile michango ya watu iko wapi?"

Kijana hakujibu. Alivuta kutoka chini ya meza laptopu kuukuu, iliyokwaruzika mgongo, ambayo jioni huchezea gemu duka likifungwa. Akachomeka flashi ile ile, na folda zote zikaonekana, kamili, kama zilivyoandikwa. Kirusi hakikuwa kimefuta kitu; kilikuwa kimeficha. Ufichaji ule waifumba macho Windows, lakini mfumo uliomo katika laptopu kuukuu hauutii. Mfumo huo ni Linux.

Tulipomwuliza kirusi kimetoka wapi, kijana alisema ukweli ambao wengi wangeona haya kuusema. Kilitoka katika kompyuta yake ya dukani, ile inayochomekwa flashi za mji mzima.

Ndugu wasomaji, mambo ya kompyuta hatukuzoea kuyaleta katika ukurasa huu. Lakini akiba ya mfanyakazi, alama za mitihani ya watoto, orodha za vyama vya ushirika na mihtasari ya mikutano yetu sasa zimo ndani ya mashine hizo. Mahali zilipo mali na siri za watu, hapo pana haja ya kuuliza: mlango una kufuli? Na ufunguo anao nani?

Tuanze na kufuli. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 viraka vyake vya kawaida vya usalama. Mfumo huo ulitoka mwaka 1993? La, huo ni ujana wa Windows. Hii ya 10 ilitoka mwaka 2015, nayo imo katika kompyuta nyingi mno. Kwa mwenye kujiandikisha kampuni iliweka muda wa nyongeza, uliopangwa hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Baada yake mtu huambiwa ahamie Windows 11, iliyotoka mwaka 2021. Lakini Windows 11 yadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na bongo la mashine la miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi. Nasi twajua zilizo nyingi huku kwetu ni za namna gani. Ni mitumba. Ni mashine zilizokwisha kufanya kazi katika ofisi za watu wengine, zikauzwa, zikavuka bahari, nazo bado zina nguvu ya kufanya kazi miaka mingi.

Mtu aweza kusema: kiraka ni nini hata kitusumbue? Wazee wa Mbulu na Hanang waliojenga tembe watamjibu upesi. Dari la udongo hupata nyufa kila mwaka, na mwenye nyumba hupanda juu na kuziba kabla ya mvua. Programu nazo zina nyufa ambazo waliozijenga hawakuziona, zikionekana huzibwa. Mwenye kuacha kuziba hauoni ubaya siku ile ile. Huuona siku ya mvua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mvua ya namna hiyo ilinyesha duniani tarehe 12 Mei 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zipatazo 150 kwa muda mfupi, kikazifunga kompyuta za Windows na kuwadai wenyewe fedha ili wafunguliwe faili zao. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa na kuahirisha upasuaji. Na kiraka cha kuzuia ufa ule kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huo huo! Waliopatwa hawakukosa dawa, hawakuinywa. Basi itakuwaje kwa mashine ambayo haitengenezewi dawa tena?

Liko jambo jingine, nalo twalisema bila kumnyoshea mtu kidole, maana ni desturi iliyotuingia sote. Windows nyingi zilizomo katika kompyuta za watu binafsi hazikununuliwa. Fundi huja na flashi, akaingiza mfumo usiolipiwa, kisha akaendesha kijiprogramu cha kuvunja kufuli la leseni. Mara nyingi kijiprogramu hicho humtaka fundi kwanza amzime mlinzi wa virusi aliyemo ndani ya mashine. Twauliza: ni mgeni gani mwema ambaye, kabla ya kukaribishwa, hutaka askari wa zamu afungwe kamba? Gemu za kuibwa nazo huja kwa njia hiyo hiyo. Kijana hudhani amepata mchezo wa bure, kumbe amempokea mpelelezi ambaye husoma maneno ya siri ya benki na barua za nyumbani. Bure ya namna hiyo ni ghali.

Kuhusu ufunguo, wananchi wa Hanang wana mafunzo ambayo wengine hawakuyapata. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano ya shirika la NAFCO yalilimwa katika nyanda za Basotu, Setchet, Mulbadaw na kwingineko kwa msaada wa Canada. Zilikuja fedha, wataalamu, matrekta makubwa na kombaini. Ngano ilivunwa, hilo hatulikani. Lakini Wadatoga walipoteza malisho yao, na shauri la ardhi ya Mulbadaw likafika mpaka mahakamani. Tena mashine zile zilitegemea vipuri na fedha za kigeni. Nati ikikatika katika shamba la Hanang, dawa yake ilikuwa ng'ambo. Wafadhili walipoondoka katika miaka ya 1990, ilidhihirika ya kuwa kuwa na mashine si sawa na kuwa na uwezo juu ya mashine. Mtu aliyetegemea kipuri cha mwenzake hulima kwa ruhusa ya mwenzake.

Kompyuta ya mfumo uliofungwa ni kombaini ya aina hiyo. Waiona mezani kwako, umeinunua kwa jasho, lakini siku ya mwisho wake imepangwa katika ofisi usiyoijua. Si kwamba kampuni imefanya hila. Biashara yake ndiyo hiyo. Hila ni yetu sisi kujidanganya ya kuwa hapana njia nyingine.

Njia nyingine ipo, nayo si mpya. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kuunda mfumo ambao kila mtu angeweza kuusoma, kuubadili na kumgawia jirani bila kuvunja sheria. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, Linus Torvalds, akaandika kiini chake, akakitoa kwa watu wote. Kutokana na kazi hizo mbili, na jasho la maelfu ya mafundi waliofuata, ndipo ilipopatikana Linux tuijuayo. Hutolewa kwa sura nyingi, kila sura na jina lake. Moja ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, akaiita Ubuntu, yaani utu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa neno hilo.

Wala tusidhani ya kuwa sisi ni wageni katika jambo hili. Mwaka huo huo wa 2004 walimu na wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Waswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya kuandikia barua na kupigia hesabu, yenye amri zake kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu moja: programu ile ilikuwa wazi, hawakuhitaji kumwomba mwenyewe ruhusa ya kuipa lugha yao. Leo simu ya Android iliyomo mfukoni mwa mkulima wa Dongobesh ina kiini cha Linux. Na takwimu za afya ambazo Wizara hukusanya kutoka vituo vya nchi nzima huwekwa katika mfumo wa DHIS2, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, nao ni mfumo wa wazi. Tumekwisha kuukalia mkeka huu. Tulichokosa ni kujua jina lake.

Je, Linux ina ulinzi gani zaidi? Tueleze kwa ufupi. Virusi vingi vinavyozunguka katika flashi zetu vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na ndani ya Linux havipati mguu wa kusimamia. Pili, mtumiaji wa kila siku hapewi mamlaka yote. Programu ikitaka kuingia ndani ya mfumo, kompyuta husimama na kudai neno la siri. Tatu, programu huchukuliwa katika ghala moja linalolindwa, si kuokotwa njiani. Nne, viraka hutolewa bure, hata kwa mashine ya zamani, bila kuuliza ilinunuliwa mwaka gani.

Lakini la, hatusemi ya kuwa Linux ni malaika. Februari 2016 wezi waliingia katika tovuti ya Linux Mint, na kwa muda mfupi waliopakua mfumo huo wakapewa nakala yenye mlango wa siri. Machi 2024 iligunduliwa ya kuwa mtu aliyejifanya mfanyakazi mwema kwa miaka kadhaa alikuwa ametia mlango wa siri katika programu ndogo iitwayo XZ, itumikayo katika Linux nyingi. Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, kwa kuona tu ya kuwa kuingia katika mashine kulichelewa kwa nusu ya sekunde. Naye, tazama, ni mwajiriwa wa Microsoft! Mafunzo yake ni haya: uwazi hauzuii mwizi kuja, bali humpa kila jirani haki ya kuchungulia na kupiga yowe. Na hapana mfumo wowote utakaomwokoa mtu atumaye neno lake la siri kwa tapeli wa simu.

Sasa tuseme juu ya gemu, maana tusipolisema hili vijana wataufunga ukurasa huu. Wako wakubwa wanaodhani ya kuwa mchezo wa kompyuta ni upuuzi usiostahili kutajwa gazetini. Hatukubaliani nao. Kijana aliyechoka kwa kazi ana haki ya kupumzika, na kompyuta ya nyumbani ni moja: anayopigia hesabu baba mchana ndiyo anayochezea mwana usiku. Mkiuweka mfumo salama usiochezeka, mwana ataurudisha ule wa wizi kabla ya jogoo kuwika.

Zamani Linux ilikuwa na gemu chache, na hiyo ndiyo iliyowazuia wengi. Mambo yamebadilika. Tangu mwaka 1993 mafundi walianza kuunda programu iitwayo Wine, na Agosti 2018 kampuni ya Valve, yenye duka la gemu liitwalo Steam, ikatoa Proton iliyojengwa juu yake. Kazi yake ni ya mkalimani. Watu wa Mbulu wanaifahamu vizuri: katika baraza Mwiraqw husema, mkalimani hufasiri, Mdatoga huelewa, na shauri huendelea. Ndivyo gemu iliyoandikwa kwa lugha ya Windows inavyofasiriwa ili Linux iielewe. Februari 2022 kampuni hiyo ikauza mashine ya mkononi ya gemu, Steam Deck, ambayo huendeshwa na Linux. Maelfu ya gemu sasa huchezeka kwa njia hiyo, na nyingi za zamani zilizo nyepesi huenda hata katika laptopu ya mtumba. Kadhalika zipo zilizo huru kabisa, kama SuperTuxKart ya mashindano ya magari na 0 A.D. ya vita vya kale, ambazo mtu hupakua bila senti na bila hofu.

Hata hivyo mkalimani hawezi kila neno. Baadhi ya gemu za kushindana kwa mtandao zina walinzi wa kuzuia udanganyifu ambao hawakubali kukaa katika Linux. Fortnite na Valorant ni miongoni mwake, na matoleo mapya ya mpira ya EA Sports FC yako katika hali hiyo. Mwenye kuishi kwa gemu hizo ajue mapema, asije akatulaumu. Vile vile zipo mashine za kuchapia zisizopatana na Linux, na programu za kazi zisizo na ndugu yake huko. Aliye na kazi ya namna hiyo asihame kwa mkumbo.

Miji mikubwa imekwisha kujifunza jambo hili kwa gharama. Munich ya Ujerumani ilihamisha kompyuta zipatazo 15,000 kwenda Linux kwa kazi ya miaka mingi, kisha mwaka 2017 baraza la mji likaamua kurudi Windows. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa, lililoanza kuingiza Ubuntu mwaka 2008, limeendelea nayo katika makumi ya maelfu ya mashine. Twaona ya kuwa programu peke yake haishindi wala haishindwi. Hushinda nia ya viongozi na maarifa ya watumiaji.

Basi mwenye kompyuta ya zamani huko Haydom, Dongobesh, Mbulu mjini au Katesh afanye nini?

Kwanza, kabla ya kugusa chochote, atoe nakala mbili za faili zake, na azitenge mahali pawili. Wananchi wa Katesh hawahitaji kuhubiriwa hili. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka mlima Hanang, yakaua watu zaidi ya 80 na kufukia nyumba na mali. Nakala iliyo chini ya dari moja na ya kwanza si nakala.

Pili, ajaribu kabla ya kuhama. Linux kama Mint au Ubuntu yaweza kuendeshwa kutoka katika flashi bila kugusa kilichomo ndani ya mashine. Atazame sauti, mtandao, mashine ya kuchapia, na gemu aipendayo. Ikifaa, aiingize, isipofaa, achomoe flashi, wala hakuna kilichoharibika.

Tatu, mfumo uchukuliwe katika tovuti ya wenyewe, na nakala ihakikiwe kwa tarakimu zilizotolewa hapo, kwa sababu ya yale ya mwaka 2016. Ni mzigo wa gigabaiti kadhaa, nao hula bando. Lakini hapa ndipo penye neema yake: mmoja akiisha kuupakua aweza kuwapa watu wa kata nzima, kwa halali, mchana kweupe. Jambo ambalo kwa Windows ni wizi, kwa Linux ni ujirani mwema.

Nne, asihame peke yake. Twatoa rai kwa walimu wa sekondari, vyama vya ushirika, vikundi vya akiba na matawi yetu: kila mahali achaguliwe kijana mmoja au wawili wajifunze kazi hii vizuri, kisha wawafundishe wengine. Kompyuta moja ianze. Ikisimama, ya pili ifuate. Vijana wanaocheza gemu tusiwadharau katika uchaguzi huo. Mara nyingi wao ndio waliokwisha kufungua na kufunga mashine zao mara kumi, na mapenzi ya mchezo yamewafundisha yale ambayo semina hazikuwafundisha.

Tano, hata aliyebaki katika Windows halali asikae ovyo. Aziwekee viraka, mlinzi wake asimzime, na flashi ya mgeni aikague kabla ya kuifungua.

Yule mama wa Katesh alitoka dukani na orodha yake kamili, na kijana hakumtoza hata shilingi. Alipofika mlangoni aligeuka akamwambia, "Mwanangu, hiyo ya kuchezea ndiyo ungeiweka juu ya meza." Kijana akacheka. Tulipopita tena jioni, laptopu kuukuu ilikuwa juu ya meza, na ile kubwa ilikuwa imezimwa, ikingoja zamu yake ya kusafishwa.

Hatuna la kuongeza katika hukumu ya mama yule. Tulizoea kuificha chini ya meza mashine tunayoiweza sisi wenyewe, na kuiweka mbele ya watu ile ambayo ufunguo wake hatuna. Wakati umefika wa kuzibadilisha mahali.